Sura ya Saba: Usiilaumu Spika Kabla ya Kuipima

Magari madogo mengi yanayopita Tunduma yalianza kutembea Japani, na redio zake zilitengenezwa kwa ajili ya wasikilizaji wa huko. Kwa miaka mingi matangazo ya FM ya Japani yalipangwa kati ya megahezi 76 na 90, na miaka ya karibuni yakasogezwa hadi 95. Huku kwetu, na kwa majirani wa Nakonde ng'ambo ya mpaka, FM inaanzia karibu megahezi 88 hadi 108. Ndiyo maana mtu akinunua IST, Noah au Probox iliyotoka bandarini, redio inakamata vituo viwili vitatu vya chini kisha inanyamaza. Wapo wanaofunga kile kifaa kidogo cha kushusha masafa kwenye waya wa antena, nacho husaidia, ila namba inayoonekana kwenye kioo cha redio inakuwa si namba ya kituo. Wengi huona ni afadhali kuing'oa redio ya Mjapani na kufunga mpya yenye Bluetooth na sehemu ya flashi, au ile yenye kioo kikubwa cha Android.

Hapo ndipo kesi nyingi za spika zinapozaliwa. Redio mpya inawaka vizuri, taa zake zinapendeza, lakini muziki umekuwa mwembamba. Au upande wa kulia haulii. Au inalia vizuri mpaka ukiongeza sauti, kisha inazima. Au kuna mluzi unaopanda kila unapokanyaga mafuta. Na jibu ambalo mwenye gari hupewa mara nyingi ni moja: "Bosi, hizi spika zimechoka, tufunge nyingine." Inaniuma kuona mtu amelipia spika nne mpya, amezifunga, na shida imebaki palepale, kwa sababu spika iliyokuwa inaimba asubuhi haiwezi kuchoka ghafla ifikapo mchana. Kilichobadilika kati ya asubuhi na mchana ni redio, nyaya zake na mipangilio yake. Uchunguzi uanzie huko.

Na uanze na kitu kisichohitaji bisibisi. Ingia kwenye mipangilio ya sauti, rudisha balansi ya kushoto na kulia katikati, na ile ya mbele na nyuma vilevile. Angalia kama kichujio cha sauti za chini kimewashwa. Kikiwekwa juu sana, spika za milangoni hazitapewa besi hata kidogo. Redio za Android zina ukurasa mwingine wa kiwandani, wenye namba ya siri, ambapo aina ya gari na aina ya amplifaya huchaguliwa. Ukurasa huo ukiwa umepangwa kwa gari lisilo lako, unaweza kukosa sauti kabisa na hakuna waya hata mmoja uliokosewa.

Mtego mkubwa uko kwenye rangi za nyaya, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu Toyota ndizo zinazotawala barabara zetu na mtego huu ni wa Toyota hasa.

Redio za madukani hufuata utaratibu mmoja wa rangi, hata zikiwa za kampuni tofauti. Waya wa njano ni umeme wa kudumu kutoka kwenye betri, mwekundu ni umeme wa swichi unaokuja ukizungusha ufunguo, mweusi ni ethi. Nyaya za spika ni nyeupe kwa mbele kushoto, kijivu kwa mbele kulia, kijani kwa nyuma kushoto na zambarau kwa nyuma kulia, na kila rangi ina mwenzake mwenye mstari mweusi ambao ndio hasi. Sasa geuka uangalie upande wa gari. Toyota nyingi zina soketi mbili nyuma ya redio, kubwa ya matundu 10 na ndogo ya matundu 6. Ile ndogo ndiyo ya spika za nyuma, na rangi zake, katika Toyota za miaka mingi, ni mweusi na njano kwa upande wa kushoto, mwekundu na mweupe kwa upande wa kulia. Umeme wenyewe umekaa kwenye soketi kubwa: wa kudumu ni bluu wenye mstari wa njano, wa swichi ni kijivu, ethi ni kahawia.

Umeona hatari ilipo. Fundi aliyezoea kuunganisha rangi kwa rangi anafunga njano kwa njano, mweusi kwa mweusi, mwekundu kwa mwekundu. Redio haiwaki, kwa kuwa ameipeleka kwenye spika badala ya betri. Anachukua taa ya kupimia, anaupata umeme kwenye ule waya wa bluu, anaushika na njano wa redio, kisha anatafuta ethi na kuishika na mweusi. Redio inawaka na kila mtu anafurahi. Lakini kama hakuvitenganisha vile vifundo vya kwanza, spika ya nyuma kushoto sasa imefungwa moja kwa moja kwenye betri. Koili yenye omu 3 na nusu ikipewa volti 12 mfululizo inakula karibu wati 40, na zote zinageuka joto, kwa sababu koni imevutwa ndani na imeganda hapo, haitikisiki wala haipozwi na hewa. Muda si mrefu gundi ya koili inanuka, na baada ya hapo kweli spika imekufa. Lakini haikufa kwa uzee.

Dawa yake ni rahisi kiasi cha kusikitisha. Zipo soketi za kuunganishia, upande mmoja zina umbo la soketi ya Toyota na upande mwingine zina nyaya za rangi za redio mpya. Ukiwa nayo hukati waya wowote wa gari, na siku ukitaka kurudisha redio ya zamani unachomeka tu. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na redio. Kama fundi wako anakuja na wembe kabla ya kuuliza kuhusu soketi hiyo, mwambie asubiri.

Gari ambalo nyaya zake zimeshakatwa na mtu mwingine, acha kuamini rangi. Amini vipimo. Chukua betri ndogo ya tochi ya volti 1.5 na mita ya kawaida ya kupimia umeme. Chomoa redio. Gusisha ncha za betri kwenye nyaya mbili unazodhani ni za spika moja. Spika hiyo itatoa mlio mfupi, na utajua ni ya mlango gani. Mwambie mwenzako aweke kidole kwenye koni: ikisukumwa nje, waya ulioguswa na chanya ya betri ndio chanya ya spika. Ikivutwa ndani, umegeuza. Kisha weka mita kwenye omu. Spika iliyoandikwa omu 4 itasoma kati ya 3 na 4 hivi, na hiyo ni afya njema. Ikisoma karibu na sifuri kuna shoti. Isiposoma kitu, waya umekatika au koili imeungua. Halafu pima kati ya kila waya wa spika na bodi ya gari. Hapo mita haitakiwi kusoma chochote. Ikisoma, kuna mahali waya umechubuka na unagusa chuma.

Baadhi ya magari ya bei kubwa, yale yenye chapa ya mfumo wa muziki kwenye vifuniko vya spika, hayatatoa mlio wowote kwa jaribio la betri. Yana amplifaya ya kiwandani iliyofichwa chini ya kiti au nyuma ya paneli, na hiyo inahitaji waya wa kuiamsha. Kwenye redio mpya waya huo ni bluu wenye mstari mweupe. Usipounganishwa, amplifaya inalala na gari zima linakuwa bubu ingawa kila kitu ni kizima.

Turudi kwenye lalamiko la muziki mwembamba, ambalo ndilo linalowapotosha watu zaidi. Sauti ipo, spika zote zinalia, ila besi imepotea na mwimbaji anasikika kama yuko pembeni, huwezi kumweka mahali. Karibu kila mara chanzo ni spika moja iliyogeuzwa, chanya imekaa kwenye hasi. Yenyewe peke yake haina tatizo. Tatizo ni ushirikiano: koni ya kushoto inaposukuma hewa, ya kulia inaivuta, kama watu wawili wanaosukumana kwenye mlango mmoja kutoka pande mbili, na mlango hauendi kokote. Sauti za juu mawimbi yake ni mafupi, hivyo zinaponea. Besi ya hezi 50 ina wimbi la karibu mita 7, refu kuliko gari lenyewe, kwa hiyo inafutika yote. Jaribio lake halikugharimu kitu. Cheza wimbo wenye besi, sogeza balansi yote kushoto. Kama besi inaongezeka ukisikiliza upande mmoja kuliko pande zote mbili, umeshapata jibu. Badilisha nyaya mbili za spika moja, basi.

Redio inayozima ukiongeza sauti ni habari nyingine. Hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi wa umeme wa magari, hata wazuri, hulikosea kwa sababu uzoefu wa taa na honi unawaambia kinyume. Kwenye taa, hasi ni bodi. Kwenye redio za leo, hasi ya spika si bodi. Redio inaisukuma spika kwa nyaya zote mbili, huku na huku, na kila waya ukipimwa kwa bodi wakati redio imewaka una kama nusu ya umeme wa betri. Ukiugusisha kwenye chuma, au ukiunganisha hasi za spika mbili pamoja ili kuokoa waya, redio inajilinda kwa kuzima. Ikikosa ulinzi mzuri inaungua. Magari ya zamani na baadhi ya malori yalifungwa spika zikiwa na ethi moja ya pamoja, kwa kuwa redio za enzi hizo ziliruhusu. Ukifunga redio mpya kwenye nyaya hizo, hakuna ujanja: vuta nyaya mbili mpya kwa kila spika, kutoka redioni hadi kwenye spika yenyewe.

Sababu ya pili ya kuzima ni wingi. Hiace na Coaster za abiria hupenda kuongezewa spika nyuma, na njia ya mkato ni kuchomeka nyingine kwenye nyaya zilezile. Spika mbili za omu 4 zikifungwa sambamba zinakuwa omu 2, tatu zinashuka chini zaidi, na redio iliyotengenezwa kwa omu 4 inalazimika kutoa mkondo mara mbili na zaidi. Inapata moto, inazima, inapoa, inawaka tena. Ukitaka spika nyingi, nunua amplifaya. Hakuna redio ya dashibodi itakayobeba spika nane kwa heshima.

Hata kile kilichoandikwa kwenye boksi, "wati 50 mara 4", kinahitaji kusomwa kwa makini. Injini ikiwaka umeme wa gari unafika volti 14.4. Zidisha 14.4 kwa 14.4, gawa kwa omu 4, unapata karibu 52. Ndiyo hiyo wati 50 ya kwenye boksi: ni nguvu ambayo ingepatikana kama redio ingekuwa inamwaga umeme wote bila kupumzika, yaani wimbi lililokatwa kichwa na miguu likawa pembe nne. Hakuna muziki ndani yake. Muziki safi unapata karibu wati 20 kwa kila spika, pungufu kidogo. Ukizungusha sauti kupita hapo, ongezeko lote linakuja kwa njia ya mikwaruzo na joto, na ya kwanza kuungua ni twita, kwa kuwa koili yake ni nyembamba kama unywele. Twita za dashibodi za Toyota zina kapasita ndogo kwenye waya wake ya kuzuia besi isizifikie. Fundi akikata waya na kuitupa kapasita hiyo akidhani ni takataka, twita haimalizi wiki. Na spika ndogo za milangoni nazo ziwekewe kichujio kwenye hezi 80 au 100. Kazi ya chini ya hapo ni ya sabufa.

Sasa malori, maana huwezi kuandika habari za redio ya gari katika Mkoa wa Songwe ukaacha malori. Tunduma ni mwisho wa barabara ya TANZAM kwa upande wetu, na mzigo wa bandari ya Dar es Salaam unaokwenda Zambia na Kongo unapita hapa. Kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa tarehe 5 Oktoba 2019 na Marais John Magufuli na Edgar Lungu ili kufupisha ukaguzi, lakini dereva anayesubiri nyaraka bado anaweza kulala ndani ya kabini. Kabini ndiyo chumba chake, redio ndiyo inayomchangamsha. Ana haki ya kuwa na muziki mzuri.

Tatizo ni kwamba lori lina volti 24, betri mbili za 12 zilizofungwa mfululizo, na redio nyingi za madukani ni za volti 12. Njia inayotumika sana ni kuchukua umeme katikati, kutoka betri moja. Redio inawaka, dereva anaondoka. Lakini betri ile moja inalisha redio usiku kucha huku mwenzake akiwa amepumzika, na asubuhi alteneta inazichaji zote mbili kwa pamoja, haijui kuwa moja ina njaa. Iliyochoka haijai kamwe. Iliyoshiba inachajiwa kupita kiasi mpaka inachemka na kukauka maji. Baada ya muda dereva anabadilisha betri, na hakuna anayeikumbuka redio.

Hatari zaidi ni kuchukua umeme kwenye betri ya juu, ile ambayo hasi yake haiko kwenye bodi. Redio nzima, pamoja na ganda lake la chuma, inakuwa imepanda volti 12 juu ya bodi ya lori. Hapo fundi akichomeka waya wa antena, ambao ganda lake limefungwa kwenye chuma cha kabini, mkondo wa betri unapita kwenye antena. Waya unaungua mkononi mwake. Kukiwa na kitambaa au godoro karibu, unazungumzia moto ndani ya kabini anayolala mtu.

Kifaa sahihi ni kibadilisha umeme cha kutoka volti 24 kwenda 12, na ukubwa wake upimwe kwa ampea. Angalia fyuzi ya redio: mara nyingi ni ampea 10 au 15, na kibadilishaji kisiwe chini ya hapo. Ukifunga cha ampea 5, redio itafanya kazi kwa sauti ndogo, kisha kila besi ikigonga itajizima na kujiwasha. Dalili hiyo nayo huhesabiwa kuwa spika mbovu. Weka mita kwenye njano na mweusi wa redio, ongeza sauti, tazama volti. Zikishuka chini ya 11 kila besi inapopiga, spika haihusiki.

Mluzi unaofuata injini hutoka kwenye ethi. Chukua mita, weka ncha moja kwenye bodi ya amplifaya na nyingine kwenye hasi ya betri, muziki ukiwa unalia. Ukisoma zaidi ya volti 0.2, waya wa ethi ni mwembamba, mrefu, au umefungwa juu ya rangi. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, tumia waya wenye unene uleule wa chanya, uwe mfupi. Nyaya za sauti zinazotoka redioni kwenda kwenye amplifaya zipite upande mmoja wa gari, waya wa umeme upite upande mwingine. Na waya huo wa umeme uwe na fyuzi yake karibu kabisa na betri, isizidi nusu mita. Fyuzi iliyo kwenye amplifaya nyuma ya gari haiulindi waya uliopita chini ya zulia.

Sauti inayokuja na kwenda unapofungua mlango inatoka kwenye mpira ule wa bawaba ambamo nyaya hujikunja kila siku kwa miaka. Gari lililotembea sana barabara za vumbi, kushuka Kamsamba kwenye joto na kupanda tena Vwawa kwenye baridi, lina mpira mkavu uliopasuka na nyaya zilizovunjika ndani ya ganda lake. Kwa macho ni nzima. Mwache mtu afungue na kufunga mlango wakati mita iko kwenye omu, nawe uangalie namba ikirukaruka.

Baada ya yote hayo, zipo spika zilizokufa kweli. Sukuma koni taratibu kwa vidole viwili pande zote kwa usawa. Ukisikia mkwaruzo ndani, koili imeungua na kuvimba au kuna chembe za chuma zimenaswa na sumaku. Hilo la pili ni la kawaida kwa spika iliyowekwa sakafuni kwenye karakana ya kuchomelea huku grenda inafanya kazi. Mpira wa ukingo wa koni ukiwa umechanika, nao hauna tiba ya kudumu. Nunua nyingine ya omu zilezile na kipenyo kilekile, lakini kabla ya kulipa pima na kina chake, maana sumaku za spika za kisasa ni nene kuliko zile za kiwandani. Shikilia spika mpya kwenye tundu la mlango bila skrubu, teremsha kioo cha dirisha hadi chini kabisa, kipandishe, kiteremshe tena. Kikigonga sumaku, tafuta pete ya kuinulia spika au chagua nyembamba zaidi. Kisipogonga, kaza skrubu zote nne.